Nyuma ya Pazia la Gunia

Kageha alipanga punje saba juu ya kaunta yangu,
akalamba kidole, akasugua moja,
na rangi ya waridi ikabaki kidoleni.
Chini yake mahindi tu. Mahindi ya gorogoro,
ya ugali wa jana, yamepakwa rangi yakaitwa mbegu.

"Nusu ekari, Ambani.
Hata kunguru hawakujisumbua."

Niliigeuza pakiti. Nembo ni ile ile, namba ni zile zile,
hata muhuri wa kung'aa ulikuwa pale, uking'aa.
Nikasema, "Labda ni mvua. Mwaka huu ilichelewa."
Nilijua si mvua.
Katoni ile niliinunua kwa mtu wa pikipiki,
jioni, bila risiti,
kwa bei iliyonitabasamia.

*

Baadaye akaja Apondi, kutoka maabara kule Maseno,
na bahasha ya vibandiko
vyembamba kama ngozi ya ndani ya kitunguu.
"Bonyeza," akasema. Nikabonyeza. Hakuna kitu.
"Si hapa. Jua linakuibia."

Maana duka langu linatazama magharibi,
na saa tisa Luanda nzima huingia mlangoni ikiwa mwanga mtupu.
Tukatundika gunia la mbolea
kati ya rafu ya dawa ya kupe na ukuta,
tukaingiza vichwa, tukangoja macho yazoee.

Nikabonyeza.
Kijani.
Mstari mwembamba ulikimbia chini ya kidole
ukazimika kabla sijauita jina.
"Betri iko wapi?"
"Umeishika. Ni kidole chako."

Akanieleza, nami nikashika nusu:
chembe za zinki na salfa, na shaba kidogo mno,
zimelazwa katika plastiki inayokubali kukunjwa;
ukiziminya, umeme wake unaachana, huu huku, ule kule,
na unaporudiana, nuru inadondoka.
Mghushi anaweza kuchapa rangi ya kijani.
Achape. Picha ya moto haichemshi maji.

Usiku ule nililala nikiwaza plastiki.
Kitu kisicho na mama wala kanisa
kinabanwa, kinatoa nuru.
Mimi nilibanwa na punje saba
nikatoa mvua.

*

Machi, wingu la kwanza likiwa juu ya vilima vya Bunyore,
Kageha alisimama mlangoni. Hakunisalimu.
Nilimwonyesha pazia.
Lilinuka mbolea, na panya kidogo.
Vichwa viwili gizani, pakiti katikati yetu,
na pumzi yake ya chai ya tangawizi.

Kidole gumba chake,
kile kile alichochovya wino kwa mkopo wa chama,
kikashuka.
Kijani.
Tena. Kijani.
Akabonyeza mara nane, polepole,
kama anayemwamsha mtoto wa mwenyewe.

Nami pale, kwa kuwa sikuuona uso wake,
nikasema:
"Haikuwa mvua."

Nje mtu alikuwa akibishana juu ya bei ya omena.
Kageha hakujibu.
Akabonyeza mara ya tisa,
na kwa nuru ile, ndogo kuliko ya kimulimuli,
niliuona ukucha, na udongo chini ya ukucha.
Basi. Sikupewa zaidi.

Akatoka nyuma ya gunia akipepesa macho.
"Taa yako nimeiona," akasema.
"Siku ya kumi nitaenda kuona shamba.
Nipe pakiti mbili.
Na ufungue kitabu, uandike deni.
Lako. Si langu."

Nikafungua kitabu.
Kalamu ilikuwa imekauka, ikakwaruza tu karatasi.
Nikaikandamiza
mpaka ikatoa.